Mwalimu aliyegoma kutoa randi tano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua barua yangu ni ndefu ila kama italazimu kukata basi kata huku kwangu, habari za huyu baba ziache zilivyo. Tarehe 1 Februari Kanisa Katoliki linamkumbuka Mwenyeheri Benedict Daswa wa Afrika Kusini, mwenyeheri maana yake amebakiza hatua moja aitwe mtakatifu. Nimepita parokia tatu huku kwetu nikiuliza, mapadre wanamfahamu, makatekista wachache wanamfahamu, lakini kina baba wenyewe, wa umri wangu na hata vijana waliooa juzi, hawajawahi kumsikia kabisa. Na huyu hakuwa padre wala mtawa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mume wa mke mmoja, ana watoto, ana pikapu yake na bustani yake ya mboga, mtu kama mimi na kama wengi wanaosoma gazeti hili. Ndo maana nimeshika kalamu.

Sisi tukisikia neno shahidi wa imani tunawaza moja kwa moja mashahidi wa Uganda, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, Namugongo, mwaka 1886, ni mbali sana, unaiona kama habari ya Biblia. Daswa ameuawa mwaka 1990. Mwaka huo mimi nilikuwa nafundisha darasa la nne.

Alizaliwa tarehe 16 Juni 1946 kijiji cha Mbahe, nchi ya Wavenda, kaskazini kabisa mwa Afrika Kusini, mkoa ambao siku hizi unaitwa Limpopo, mji wa karibu ni Thohoyandou. Kwao ni Walemba, watu wanaojihesabu kuwa wana asili ya Kiyahudi, nguruwe hawali, tohara ni lazima, mila wanazishika haswa. Jina lake la nyumbani ni Tshimangadzo, na ukilisikiliza taratibu unasikia humo ndani neno letu "kushangaza", na maana yake ndo hiyo hiyo. Baba yake alifariki yeye akiwa bado kijana, yeye ndo mkubwa, kwa hiyo wadogo zake wakawa mikononi mwake, kuwasomesha na kuwashauri yeye. Ukristo aliupata ujanani, akafundishwa na katekista mmoja anaitwa Benedict Risimati, na mafundisho yenyewe chini ya mti, kanisa halikuwepo. Akabatizwa tarehe 21 Aprili 1963, miaka 16, akachagua kuitwa Benedict kama katekista wake na kama yule mtakatifu wa zamani wa "sala na kazi". Mimi nimekuwa katekista wa kigango miaka mingi nami nilifundisha chini ya mwembe, basi hapo tu moyo wangu ulishatekwa.

Akawa mwalimu, na mwaka 1979 akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi Nweli. Mtoto asipoonekana shuleni anamfuata nyumbani kwao kujua kuna nini. Wale ambao ada imewashinda anawapa kazi kwenye bustani yake wapate hela ya shule, maana aliona ukimpa mtoto hela ya bure hujamfundisha kitu, ila ukimpa jembe na mshahara amejifunza na ada imepatikana. Mboga nyingine ziliishia kwa wasio na kitu. Jumapili yuko na Wakristo, katekista, anaongoza ibada padre asipokuwepo, na kanisa la Nweli ni yeye na wenzake walilijenga kwa mikono yao. Hata kiongozi wa kijiji alimwamini, alimfanya awe anamwandikia mambo ya baraza.

Sasa ngoja nieleze la nyumbani kwake, maana ndo penyewe. Mke wake ni Eveline, Shadi Eveline Monyai, walioana kimila mwaka 1974 na baadaye wakafunga ndoa ya kanisani. Huyu baba alikuwa anafua nguo za watoto. Anaogesha watoto. Anabeba kuni, anapika ikibidi, anafagia. Mwalimu mkuu huyo, kiongozi wa kanisa, mtu wa baraza la kijiji, yuko uani kainama kwenye beseni na nepi, na wanaume wanapita njiani wanaona. Jamani tuambizane ukweli, kwetu huku angeonekana hivyo mara mbili tu maneno yangeshaanza, kalishwa limbwata huyo, mke kamkalia kichwani, na marafiki zake kilabuni wangemtafutia jina. Kule nako walimsema, tena sana, wakaona mwanamke kamroga. Yeye hakuacha. Hakuingia chumbani kufulia kwa kujificha, alifulia pale pale uani na mtoto yupo pembeni anaangalia.

Jioni familia wanasali pamoja, kila siku. Na tarehe 26 Desemba, kesho yake Krismasi, walikuwa na siku yao wenyewe kama familia, Siku ya kina Daswa, wanakaa pamoja wanakula, watoto wanapewa zawadi, wanafurahi tu. Hiyo ya tarehe 26 mimi nimeichukua kwangu tangu nilipoisoma, wajukuu wanakuja, mwaka wa kwanza nilichinja kuku wawili mwaka jana tukafika mbuzi. Watoto wangu wamekuwa watu wazima ndo nimejua mmoja wao haoni vizuri usiku, miaka yote hiyo alikuwa anaficha, kalisema siku hiyo tumekaa tunakula tu bila haraka. Baba anaweza akaishi nyumba moja na watoto na asiwajue.

Na kuna habari ya mpira. Daswa alikuwa anapenda mpira na kufundisha vijana, timu ya kijiji. Ikafika timu inafungwa fungwa, wenzake wakasema tutafute dawa. Kwetu hii inaitwa kamati ya ufundi, kila mtu anajua kamati ya ufundi inafanya nini, haichori mbinu za uwanjani. Akawaambia hapana, mimi sishiriki hilo. Wakang'ang'ania, akaondoka, akaanzisha timu nyingine na vijana waliomfuata. Unaona, huyu mtu alishazoea. Kusema hapana mbele ya wanaume wenzake lilikuwa zoezi lake la miaka na miaka, lilianzia kwenye beseni la nepi, likaja kwenye mpira, na likaja siku ya mkutano wa kijiji. Mimi naamini hivyo, na hilo hasa ndo nataka kina baba wenzangu walisikie. Watu wanasoma jinsi alivyokufa wanasema alikuwa jasiri, lakini ule ujasiri hakuupata usiku ule, alikuwa nao kwenye maji ya sabuni miaka yote.

Mwishoni mwa mwaka 1989 na kuingia Januari 1990 mvua zilikuwa kubwa sana huko Venda, na radi. Tarehe 25 Januari radi ikapiga, nyumba za nyasi zikaungua. Na kule kama huku, radi ikipiga nyumba ya mtu haijajipiga yenyewe, kuna mtu katuma. Baraza la kijiji likakaa, wakakubaliana waende kwa mganga wa ramli, sangoma, awatajie mchawi, na kwa ajili ya safari na malipo kila mtu atoe randi tano. Daswa alifika wakati uamuzi umeshapita. Akawaambia radi ni kitu cha asili, hakuna mtu anayeituma, na mnachokwenda kufanya ni kuua mtu asiye na kosa, maana mganga lazima atataja jina na akishataja huyo mtu amekwisha. Wakamwambia unadharau mila. Akasema imani yangu hainiruhusu, randi tano sitoi.

Randi tano, Mhariri. Mwalimu mkuu mwenye pikapu hakosi randi tano mfukoni. Angetoa tu, asiende kwa sangoma yeye, akae nyumbani asali rozari yake, nani angemlaumu? Mkristo gani angejua? Tena wako wengi wangemwambia ukikaa kimya ndo busara, una watoto.

Sasa naomba nieleze la kwangu, ndo hili nilisema ukikata kata hapa, lakini moyo wangu ungefurahi usikate.

Mwaka 2003 kwenye kijiji nilichokuwa nafundisha, mkoa huu huu wa Shinyanga, radi iliua ng'ombe wanne wa jirani mmoja, walikuwa wamejikinga mvua chini ya mti. Mwalimu wa sayansi ni mimi. Nilikuwa nafundisha darasa la sita kwamba radi ni umeme, kwamba inatafuta kilichoinuka juu, mti, kichuguu, mtu aliye peke yake mbugani, ndo maana mvua ikinyesha usisimame chini ya mti, nimeichora ubaoni kwa chaki zaidi ya mara kumi. Ukaitwa mkutano wa kitongoji. Likatoka wazo la kuleta lambalamba, wale wanaopita vijiji wakisema wanatoa uchawi, na kila kaya itoe shilingi elfu moja. Daftari likapita mkono kwa mkono, jina na hela, jina na hela. Lilipofika kwangu watu walinyamaza kidogo, nakumbuka ule ukimya mpaka leo, walikuwa wanataka kuona mwalimu atafanya nini, katekista atafanya nini. Nikatoa elfu moja. Nikaandika jina langu kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Nilijiambia natunza amani, nilijiambia nikigoma watasema mchawi ni mimi, na kweli wangesema.

Nyumbani mke wangu aliuliza mmeamua nini nikamwambia. Akauliza, na wewe umetoa? Nikamwambia ndiyo. Hakusema kitu, akaendelea kuchambua mchele, punje moja moja, na mpaka tunalala hakuniongelesha.

Lambalamba wakaja na ngoma na vibuyu vyao, na wakamtaja bibi mmoja mjane aliyekuwa akiishi nyumba ya nne kutoka shuleni. Macho yake mekundu. Sisi wote tuliozaliwa Usukumani tunajua kwa nini macho ya bibi zetu ni mekundu, kuni hakuna, miti iliisha zamani, wanapika na mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe kwenye kijumba hakina dirisha, moshi ule miaka hamsini utakuacha na macho gani? Bibi huyu alikuwa akiniita mwalimu wangu. Nilikuwa nikipita asubuhi namwamkia shikamoo ananijibu marahaba mwalimu wangu, chaki zimekuzidi nguvu leo, maana mikono yangu ilikuwa myeupe. Usiku ule walichoma nyumba yake. Yeye hakufa, mtoto wa jirani alimtorosha kupitia mashamba ya mtama akaenda kwa kaka yake wilaya nyingine. Hakurudi tena. Shamba lake, na hapa naomba watu wasome taratibu, shamba lake eka sita lilikuwa na mtu analima msimu uliofuata, na huyo mtu alikuwa wa kwanza kuandikisha jina kwenye daftari la mchango.

Kwa hiyo mwaka 2015 niliposikia redioni habari ya mwalimu wa Venda aliyekataa randi tano, nilizima redio. Nilishindwa.

Turudi Mbahe. Tarehe 2 Februari 1990, Ijumaa, sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni. Siku hiyo hiyo asubuhi kule Cape Town Rais de Klerk alisimama bungeni akatangaza kwamba chama cha ANC kilichopigwa marufuku kimefunguliwa na Mandela ataachiwa, dunia nzima masikio yako huko. Venda wakati huo Makaburu walikuwa wameipa jina la nchi huru, uhuru wa kwenye karatasi. Daswa siku hiyo alimpeleka shemeji yake na mtoto mgonjwa kwa daktari. Akarudi. Jioni kwenye saa moja na nusu akatoka tena, alikuwa amempakia mtu mwenye mfuko wa unga wa mahindi, akamwambia binti yake narudi baada ya dakika chache, akampeleka yule mtu mpaka kijiji cha jirani na unga wake. Angemwacha kituoni na mzigo, giza linaingia, angekuwa salama. Lakini mtu ana unga kichwani na wewe una gari.

Wakati wa kurudi akakuta barabara imezibwa na miti. Akashuka aondoe. Mawe yakaanza kumiminika kutoka gizani, vijana na watu wazima, wengi wao anawafahamu, wengine amewafundisha. Akaacha gari akakimbia, damu inamtoka, akavuka uwanja wa mpira, uwanja ule ule, akaingia kwenye nyumba ya mama mmoja akajificha humo jikoni. Wale watu wakafika wakamwambia yule mama tuambie yuko wapi, usiposema tunakuua wewe. Daswa kusikia hivyo akatoka mwenyewe. Yaani angebaki kimya dakika mbili tatu pengine wangempita, lakini mama wa watu angekufa kwa ajili yake. Akatoka akawauliza kwa nini mnataka kuniua, akakumbatia mmoja wao, kisha alivyomwona mwenye rungu anakuja akajua ndo mwisho, akasali Mungu apokee roho yake. Wakampiga rungu la kichwa. Wakammwagia maji ya moto masikioni na puani kuhakikisha amekufa. Siendelei hapo.

Nyumbani kulikuwa na watoto saba na mke mjamzito wa mtoto wa nane, na binti aliyeambiwa dakika chache.

Walimzika tarehe 10 Februari, Jumamosi, na mapadre walivaa mavazi mekundu, rangi ya mashahidi, bila kungoja Roma iseme chochote, walishajua. Kesho yake Jumapili tarehe 11 Mandela akatoka gerezani ameshikana mkono na mkewe na dunia nzima ikalia kwa furaha. Nimewahi kuwaza zile siku mbili zinazofuatana, Jumamosi mjane wa Venda yuko kaburini na Jumapili ile. Waliokamatwa kwa mauaji waliachiwa, ushahidi haukupatikana, nani ataongea kwenye kijiji ambacho kila mtu ametoa randi tano? Na hakuwa peke yake, mkoa ule miaka ile watu walichomwa moto na kufukuzwa kwa madai ya uchawi mpaka mwaka 1995 serikali ya mkoa ikaunda tume chini ya Profesa Ralushai kuchunguza.

Jimbo la Tzaneen chini ya Askofu Hugh Slattery likakusanya ushahidi kwa miaka, wakahoji watu, wakapeleka Roma, na mwanzoni mwa 2015 Papa Francis akakubali kwamba huyu aliuawa kwa ajili ya imani. Tarehe 13 Septemba 2015 akatangazwa mwenyeheri karibu na Thohoyandou, Kardinali Angelo Amato ndo alitumwa, watu kama 30,000. Mwafrika Kusini wa kwanza. Mama yake mzazi alikuwepo, bibi aliyevuka miaka 90, watoto walikuwepo wamekuwa watu wazima. Eveline hakuiona siku ile, alishatangulia. Hilo linaniuma kidogo, nadhani ndiye aliyestahili kiti cha mbele kuliko kardinali, maana sisi tunasifu mtu aliyegoma, lakini mkewe ndo alibaki kulea watoto wanane miaka yote hiyo katika eneo lile lile, anakutana sokoni na watu anaowajua walichokifanya.

Sasa kwa nini naandika kwenye gazeti na sisemi kanisani tu. Nilishasema kanisani. Nilisimama kwenye jumuiya yetu ndogondogo nikasema habari ya elfu moja, wazee wawili walinifuata baadaye nje wakaniambia mwalimu mambo ya zamani yaache, na mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye alitoa mara tatu, vijiji vitatu. Wako wengi. Kuna Wakristo wenzangu Jumapili wanapokea komunyo na Jumatano wanatoa mchango wa mganga, Walutheri, Wasabato, Wakatoliki, sichagui, hata hao wanaookoka na kupiga kelele usiku kucha, daftari likipita majina yote yamo. Tuna Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, kumtaja mtu mchawi ni kosa, polisi nao kila mara wanatangaza kupambana na ramli chonganishi, nawashukuru, lakini polisi hawapo kwenye mkutano wa kitongoji saa kumi jioni. Pale tuko sisi, kina baba wa familia, na mfukoni tuna ile elfu moja. Mganga hafanyi kazi bure, asipolipwa haji. Anayemlipa ni mimi. Wenzetu wa Kilifi na Kisii kule Kenya wanalia kilio hiki hiki, mzee ana mvi na kashamba anaitwa mchawi, na ukifuatilia unakuta kuna mtu analitaka lile shamba, kama huku.

Kwa hiyo naomba maparoko, tarehe 1 Februari mumtaje, na mkimtaja msiishie kwenye rungu na maji ya moto, watu wataona ni habari ya kutisha tu watarudi nyumbani. Waambieni kina baba kuhusu beseni. Waambieni kuhusu tarehe 26 Desemba, na kuhusu mfuko wa unga. Na waalimu wenzangu wa sayansi, mkichora radi ubaoni nanyi muwe tayari kuisema mkutanoni, nimechora mara kumi na siku moja tu niliyotakiwa kuisema kwa mdomo sikuisema.

Yule bibi alifariki 2011. Nilipata taarifa na sikwenda msibani, sikuwa na uso wa kuonyesha. Mwezi wa kumi na moja uliopita nimekwenda, mke wangu ndo alinisindikiza, tulipanda basi saa kumi na moja asubuhi, tukawakuta wajukuu zake, wawili wanafuga na mmoja ana duka la spea za pikipiki. Wametukaribisha vizuri, wametupa maziwa na ugali, wakajua nimekuja kutoa pole ya kawaida iliyochelewa. Nikawaambia habari ya daftari na habari ya elfu moja na jina langu lilikuwa la ngapi. Walikaa kimya. Yule mkubwa akaniuliza kitu kimoja tu, mwalimu, ulikuwa unajua bibi anapikia mabua ya pamba?

Nikamwambia nilikuwa najua.

Akainuka akaenda kufungia ndama. Baadaye alirudi, akakaa karibu na mke wangu wakaongea mambo ya mvua, na jioni alitusindikiza mpaka barabarani na tochi lakini mkono wangu hakuushika, na mimi sikumlazimisha. Kaburi la bibi lipo nyuma ya zizi, wameliwekea mawe meupe.

Mhariri, jina langu kamili na namba ya simu nimeviweka kwenye karatasi ya pili, mtu akitaka kuhakikisha nipo. Ila kijiji usikitaje, wala wilaya waliyohamia hao vijana, sijapata ruhusa yao.

Mwalimu mstaafu,
Kahama, Shinyanga